Miezi 14 au 12, Kelele ni Ileile

Msikilizaji, habari ya Brussels unayo tangu Alhamisi, Aprili 24, 2025. Tume ya Ulaya ilipendekeza gari lililovuka miaka 10 likaguliwe kila mwaka, nasi hapa Sweden tumezoea miezi 14. Lilikuwa pendekezo tu, lenye safari ndefu mbele ya Bunge la Ulaya na nchi wanachama, lakini gumzo likawaka. Nani atalipa ada? Gari la mzee wa kitongoji cha Tensta linalompeleka dukani na msikitini limekosa nini? Ni maswali ya haki, na watapatikana wa kuyajibu.

Kituo hiki cha redio kinaumwa na jambo jingine, kelele za ekzosi. Iwe miezi 14, iwe miezi 12, ukaguzi ni wa siku moja. Na kwa siku hiyo moja ekzosi ya kiwandani inatolewa stoo, inafungwa chini ya gari, gari linapita mbele ya mkaguzi limetulia kama maji ya mtungini. Jioni ekzosi ya kelele imerudi mahali pake. Siku moja ekzosi ya kiwandani, siku zote zilizobaki ekzosi ya kelele. Tumelisema kwenye redio hii mara nyingi na leo tunalisema tena.

Msimu wenyewe ndio huu. Matairi ya misumari hayaruhusiwi tangu Aprili 16, barabara zimekauka, magari yaliyolala gereji majira yote ya baridi yametoka. Na madirisha tumeyafungua. Asije mtu akatwambia kwamba hii ni kelele ya vijana wa vitongoji vya Rinkeby na Husby. Pale Sveavägen, katikati ya jiji la Stockholm, kuna wenye magari makubwa ya Kimarekani, wanaitwa raggare, mila yao ni ya tangu miaka ya 1950, nao hunguruma usiku kucha wakitaka. Lakini anayeamshwa Rinkeby hapati usingizi kwa kuambiwa kwamba na wa Sveavägen kaamshwa.

Anayeamshwa ni nani? Ni dada aliyetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee saa 1 asubuhi, ndiyo kwanza ameweka kichwa kwenye mto. Ni dereva wa basi anayetakiwa kuwa macho saa 9 usiku. Ni mtoto mwenye mtihani. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2018 kwamba kelele za barabarani usiku zisizidi wastani wa desibeli 45. Wastani! Gari moja linalopiga resi saa 8 usiku kati ya kuta mbili za ghorofa linamezwa na wastani huo, halionekani kwenye hesabu. Waliokurupuka kitandani wanalijua.

Na desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Ukiongeza 10, sikio linasikia kelele imekuwa maradufu. Kwa gari jipya la kawaida, kikomo cha Ulaya kilikuwa desibeli 72 mwaka 2016, kikashuka hadi 70, na aina mpya zinazoidhinishwa tangu Julai 2024 zinatakiwa zisivuke 68. Viwanda vimehangaika miaka kuzipunguza desibeli hizo mbili mbili. Kijana anazirudisha zote Jumamosi moja kwa spana na jeki.

Mtu atauliza, kwani mkaguzi hana kipimo? Kipo. Kipaza sauti kinawekwa nusu mita kutoka kwenye mdomo wa bomba, kimeelekezwa kwa pembe ya digrii 45, injini inapandishwa hadi mizunguko iliyowekwa kwa gari lile, kisha namba inalinganishwa na ile ya kwenye kumbukumbu za gari. Katika hati za usajili za Ulaya, alama ya U.1 imetengwa kwa kelele hiyo. Kipimo ni kizuri. Kinapima ekzosi iliyofungwa siku ile.

Sasa tuzungumze na wenye magari, maana wapo wanaotaka kutulia na hawajui waanzie wapi. Kwanza angalia maungio. Tundu dogo kwenye kiungo hulifanya gari zima lipayuke, na tiba yake ni kuchomelea tu. Pili, sailensa ya michezo ndani ina bomba lenye matundu lililozungushiwa pamba ya kioo. Pamba hiyo huungua na kupeperuka na moshi kidogo kidogo, ndiyo maana kelele inaongezeka mwaka hadi mwaka. Fundi anaweza kuijaza upya. Tatu, kama sailensa ya katikati iliondolewa na kuwekwa bomba tupu, irudishwe. Ile yenye vyumba ndani hurudisha mawimbi ya sauti yakagongana na kuuana, kazi ambayo pamba peke yake haiwezi. Na kama masega ya kusafishia moshi (katalaiza) yalitolewa, hapo hakuna mjadala: umeongeza kelele, umeongeza sumu, na umevunja sheria. Vile vizibo vya kuchomeka kwenye mdomo wa bomba usivitegemee. Kinachofungwa kwa skrubu moja hufunguliwa kwa skrubu moja, na tunarudi kulekule, siku moja kimya, siku zilizobaki kelele.

Mafundi nao tunawauliza. Mnalijua gari lililoletwa Jumatatu kufungwa ekzosi ya kiwandani na kurudishwa Jumanne kufunguliwa. Mnaijua namba yake na mnamjua mama yake mwenye gari. Na wauzaji wanaoandika kwenye boksi kwamba bomba ni la mashindano tu, huku wanamwona mteja ameegesha nje gari la kwendea kazini, wanajua wanachokiuza.

Wengi wetu tumetoka mahali ambapo kelele ni fahari. Nani hakupenda nganya, zile matatu za mbwembwe za Rongai, Kenya? Lakini hata Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele tangu mwaka 2009, na aliyelala kando ya stendi anajua kwa nini zilitungwa. Huku Sweden polisi anaweza kulisimamisha gari barabarani, akalikagua hapohapo na kulizuia lisiendelee. Usingoje afike.

Kijana, tunasema nawe sasa. Ukilipenda gari lako hatukugombezi. Lipendeze, liinamishe, lipake rangi unayotaka. Lakini usingizi wa jirani si wako! Wazazi, shukeni chini mkasikilize, gari hilo mnalijua kwa mlio kabla halijakunja kona! Mafundi, kataeni! Mwambieni kijana, nikikufungia leo sikufungulii kesho!

Jumatano ni Valborg, mkesha wa Waswidi wa kukaribisha majira ya machipuko. Mioto itawashwa, watu watakesha, magari yatajaa barabarani. Kuanzia leo Jumapili kuna jioni tatu. Ekzosi ya kiwandani iko stoo, nyuma ya matairi ya baridi. Itoe, ifunge, kaza boliti zote. Ile nyingine ipeleke kwa wanunuzi wa chuma chakavu Jumanne, kabla hawajafunga.