Lori la Usiku na Mkataba wa Dereva

(Mazungumzo mbele ya walimu na watumishi wa Serikali, Ngaramtoni, Arusha)



Mtu akisimama kando ya barabara ya Namanga hapa Ngaramtoni saa tatu usiku, wakati baridi ya Mlima Meru imekwisha kushuka na akina mama wa sokoni wamekwisha kufunga mafurushi yao, ataona kwamba barabara hailali. Malori yaliyovuka mpaka wa Namanga hupita hapa. Mengine huingia mjini, na mengine hushika barabara ya mchepuko ya kilomita 42 inayotokea Usa River, yakaendelea Moshi, Same, Segera hadi Dar es Salaam. Kila mmoja huuliza gari limebeba nini na ni la nani. Ni wachache wanaouliza aliyeko nyuma ya usukani amelala saa ngapi.

Swali hilo lina uzito wa pekee mahali hapa. Tarehe 24 Februari, 2024, saa za jioni, lori lilipoteza udhibiti kwenye mteremko wa Ngaramtoni likayagonga magari mengine, na watu 25 wakapoteza maisha. Miongoni mwao walikuwamo walimu wa kujitolea waliotoka nchi za mbali kuja kufundisha watoto wa Arusha. Ajali ile haikutokea usiku, na taarifa za siku zile zilitaja breki, si usingizi. Lakini iliwafundisha wakazi wa hapa, kwa gharama kubwa mno, kwamba hali ya lori na hali ya dereva wake si mambo ya siri baina ya tajiri na mtumishi wake. Ni mambo ya kila mtu anayevuka barabara.

Sasa kazi ya usiku inazidi kupanuka. Kwa takriban miaka thelathini mabasi ya abiria yalikatazwa kusafiri usiku kucha. Mwezi Juni 2023 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba katazo hilo limeondolewa, na kuanzia Oktoba mwaka huohuo Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini ikaanza kutoa ratiba za saa 24. Abiria walifurahi, na wenye vifurushi walifurahi zaidi. Mzigo unaopokelewa Arusha jioni waweza kuwa mkononi mwa mwenyewe Dar es Salaam kabla ofisi hazijafunguliwa. Vipuri, dawa, nguo, simu, hata mtihani wa majaribio uliochapwa mjini, vyote hutarajiwa kufika alfajiri. Mteja amekwisha kuzoea, na aliyezoea hakubali tena kungoja siku mbili.

Chukulia basi kijana wa hapa ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akisambaza vifurushi mchana kwa gari dogo, kutoka Kilombero hadi Sakina, kutoka Njiro hadi Ngaramtoni. Anajua kila kichochoro na amechoka na foleni. Amejifunza magari makubwa na kupata daraja la leseni linalotakiwa. Kampuni yake inamwambia: kuna nafasi ya lori la usiku, mshahara unapanda, na hakuna tena kupanda ngazi na boksi begani. Nyumbani watu wanampongeza. Na kweli ni hatua mbele, kwani dereva wa lori kubwa ni fundi mwenye dhamana, si mbeba mizigo tu. Lakini kabla hajatia saini hana budi kupiga hesabu, na hesabu hiyo mwalimu wa darasa la tano aweza kumsaidia.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu usiku kuwa ni muda baada ya saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kwa kila saa iliyofanywa kazi katika muda huo, mwajiri anatakiwa aongeze angalau asilimia tano ya mshahara wa msingi. Tuseme mshahara wa msingi wa kijana huyu ni shilingi 585,000 kwa mwezi. Kwa wiki ya saa 45, mwezi una saa 195, kwa hiyo saa moja ni shilingi 3,000. Asilimia tano yake ni shilingi 150. Akiendesha saa tisa za usiku, nyongeza yake yote ni shilingi 1,350. Fedha hiyo haitoshi hata kumnunulia sahani ya wali kwa nyama pale Korogwe.

Hapa ndipo neno moja dogo la sheria lenye maana kubwa: “angalau”. Sheria imeweka sakafu, haikuweka dari. Mwenye kusimama peke yake atapewa sakafu hiyo, tena akibahatika. Wengi hawapewi hata hiyo. Hupewa “posho ya safari” mkononi, bila karatasi, na siku posho inapopunguzwa hawana pa kuonyesha kidole. Kinachoweza kupandisha shilingi 150 ni mapatano ya pamoja kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi. Kwa sheria hiyohiyo, chama chenye wanachama walio wengi mahali pa kazi kina haki ya kutambuliwa kuwa msemaji pekee wa wafanyakazi katika majadiliano.

Historia ya vyama hivyo nchini ni ndefu. Mwaka 1964 vyama vyote viliunganishwa katika NUTA, mwaka 1978 ikaja JUWATA, na baada ya mageuzi ya miaka ya 1990 wafanyakazi wakawa huru kuunda vyama mbalimbali. Madereva, kwa kuwa kila mmoja yuko njiani peke yake, walikuwa aghalabu wa mwisho kukusanyika. Hata hivyo walipokusanyika walisikika. Tarehe 10 Aprili, 2015 magari yalisimama nchini, na tena mwezi Mei mwaka huo. Wengi waliozuiwa njiani siku hizo walikumbuka moja tu kati ya malalamiko, lile la kurudishwa darasani kila leseni inapohuishwa. Lakini dai lililorudiwa na madereva wenyewe lilikuwa mkataba wa ajira ulioandikwa. Ni jambo la kustaajabisha kwamba mtu anakabidhiwa mali ya mamilioni na roho za watu bila karatasi moja ya kumtambua, ilhali karani wa bohari ana barua ya ajira, barua ya kuthibitishwa na jalada lenye kurasa mia.

Tuangalie saa zenyewe. Kutoka Arusha hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600. Gari la zaidi ya tani tatu na nusu haliruhusiwi kupita mwendo wa kilomita 80 kwa saa, na ndani ya makazi ni 50. Hata lingekwenda 80 mfululizo bila kusimama, safari ingechukua saa saba na nusu. Ongeza mizani ya Himo na ya Vigwaza, ongeza vijiji vyote vya Upareni na foleni ya Kibaha, na saa tisa za kawaida za siku moja zitakuwa zimekwisha kabla bandari haijaonekana. Zaidi ya hapo ni saa za ziada, zinazolipwa mara moja na nusu, tena kwa ridhaa ya mfanyakazi. Na baada ya kazi sheria inataka mapumziko ya saa 12 mfululizo. Dereva aliyefika Dar es Salaam saa moja asubuhi akaambiwa apakie arudi saa sita mchana, ameibiwa usingizi wake, na mwizi huyo amewaibia pia wote atakaokutana nao barabarani usiku unaofuata.

Wataalamu wa Australia walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa wepesi wa akili na mkono sawasawa na mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Na saa mbaya zaidi ni kati ya saa nane na saa kumi na moja usiku, wakati ambapo mwili wote hudai kulala hata kama mtu alipumzika mchana. Wako wanaoipinga saa hiyo kwa mirungi. Mirungi ni haramu kwa sheria ya nchi, na zaidi ya hayo ni mkopo tu: usingizi ulioahirishwa Same hudaiwa Mombo, ghafla, bila notisi. Ndiyo maana Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani Na. 153 wa mwaka 1979 ulisema dereva asiendeshe zaidi ya saa nne bila mapumziko.

Yafaa kutazama pia wenzetu. Huko Marekani, kampuni ya vifurushi ya UPS, iliyoanzishwa mwaka 1907, madereva wake wako katika chama cha Teamsters. Mwaka 1997 wafanyakazi wapatao 185,000 waligoma siku 15, na mapatano ya mwaka 2023 yanaendelea hadi 2028. Humo, anayetaka kutoka gari la kusambazia mchana kwenda lori la usiku hategemei hisani ya msimamizi wala mjomba ofisini; nafasi hutangazwa, na muda wa utumishi ndio unaotangulia. Matokeo yake yana uchungu wake: wakongwe huchagua zamu nzuri, na usiku hubaki kwa mgeni. Lakini mgeni huyo anajua kwamba foleni inasogea. Kwetu dereva aweza kukaa usiku miaka kumi na asijue foleni iko wapi.

Jambo jingine la kuigwa ni kupokezana. Madereva wawili hukutana njiani, hubadilishana matela, kila mmoja akarudi kwao. Kampuni yenye mzigo wa uhakika kila usiku ingeweza kupanga vivyo hivyo: dereva wa Arusha aishie Same, wa Same aishie Segera, wa Dar es Salaam apokee hapo. Kutoka Arusha hadi Same na kurudi ni chini ya kilomita 400. Wenye magari watasema gharama ni kubwa, na kwa mwenye lori moja ni kweli. Kwa mwenye malori hamsini si kweli, kwani gharama ya lori moja kuanguka Kitonga au Ngaramtoni anaijua.

Ndugu walimu na watumishi, kijana anayeletewa mkataba huo huja kwenu kwanza, kwa sababu ninyi ndio mnaosoma. Mara nyingi umeandikwa kwa Kiingereza. Msomeeni polepole. Mtazameni kama mshahara wa msingi umetajwa, au kimetajwa “malipo kwa safari” tu. Kama michango ya NSSF inakatwa na kupelekwa. Na kama jina la mwajiri kwenye karatasi ni lilelile lililoandikwa ubavuni mwa gari. Mwulizeni kama pana tawi la chama, na kama amekwisha kuongea na katibu wake.

Na msimsahau mkewe. Siku za Alhamisi, soko la Ngaramtoni linapojaa na vipaza sauti vinashindana tangu asubuhi, ndipo mumewe anapotakiwa kulala. Hutandika kanga mbili dirishani, huwaambia watoto wakacheze kwa jirani, na mwalimu humwona mmoja wao amekaa shuleni hata baada ya kengele ya kwenda nyumbani, akisema hawezi kurudi bado kwa sababu baba hajaamka.