Kumwongoza Farasi kwa Kamba Iliyolegea
Mada kwa semina ya masaisi na wamiliki wa farasi



Katika mabanda ya Nairobi na viunga vyake, kuanzia Karen hadi Limuru, mpandaji huja akapanda farasi wake kisha akaenda zake. Anayebaki ni saisi. Ndiye anayemtoa farasi alfajiri, ndiye anayempeleka malishoni, ndiye anayemtuliza pale daktari wa mifugo anapomdunga sindano. Hoja yangu basi ni kwamba mwalimu wa kwanza wa farasi ni huyo anayeshika kamba. Kila wanapotoka bandani pamoja, farasi anajifunza jambo, liwe jema au baya.

Tukumbuke kwamba farasi hujiokoa kwa kukimbia. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, hivyo huona karibu pande zote, isipokuwa mbele kabisa ya paji la uso na nyuma ya mkia. Ukimjia usoni moja kwa moja, hatua ya mwisho unampotea. Mwendee begani, huku ukimsemesha.

Sasa kamba. Farasi mzima ana kilo 500 hivi, na akivutwa huvuta kinyume. Hakuna kati yetu atakayeshinda mvutano huo. Kinachomfundisha ni kule kuachiwa. Simama ubavuni mwake, kamba iliyobaki uikunje mkononi, kamwe usiizungushe kwenye kiganja, maana akishtuka itakuburuta. Ikaze kidogo, kisha subiri. Usiongeze nguvu wala usitikise. Pengine atainua kichwa na kurudi nyuma. Mfuate kwa mkazo uleule. Itafika wakati utaona uzito wake unaegemea mbele, hata kabla ukwato haujainuka. Legeza papo hapo! Ukichelewa sekunde chache tu, atakuwa ameshafanya jambo jingine, na hilo ndilo utakalokuwa umemfundisha. Akielewa, shingo hushuka, kope hulegea, mara nyingi huramba midomo na kutafuna ilhali hana kitu kinywani. Mwache apumue kabla ya kumwomba tena.

Mkono wenye hasira hauwezi kazi hii, kwa sababu huchelewa kulegeza. Xenophon, Mgiriki aliyeandika kitabu cha upandaji farasi katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alishaonya kwamba farasi asishughulikiwe kwa hasira, na sijaona sababu ya kumpinga.

Kusimama, kurudi nyuma na kusogeza miguu ya nyuma hufundishwa kwa njia hiyohiyo. Ila tusiishie upande wa kushoto kama tulivyozoea. Farasi aliyetulia kabisa kushoto anaweza kuruka akikuona kulia, kana kwamba hajawahi kukuona.

Mtoto wa farasi asivutwe kichwa hata kidogo. Shingo yake bado changa, na akigoma anaweza kusimama kwa miguu ya nyuma, akaanguka kichalichali na kuumia kisogo. Mama atangulie, naye asukumwe polepole kwa kamba laini iliyopitishwa nyuma ya mapaja, ilegezwe kila anapopiga hatua.

Wapo wanaosema hatuna muda. Nawaomba watazame farasi akipakiwa kwenye lori siku ya mashindano ya Ngong: wanaume wanne, ufagio, makelele, na farasi anayetoka jasho kabla hata ya safari. Muda huo tungeutumia wiki kadhaa kabla. Lori lisimame uwanjani bila safari yoyote, farasi aweke mguu mmoja kwenye ubao, aruhusiwe kuuondoa, auweke tena. Anayejua kwamba anaweza kushuka hana sababu ya kupigana.

Kwa wamiliki nina ombi: mnunulieni saisi glavu na kamba ya mita tatu na nusu, na mumpe dakika kumi kwa kila farasi ambazo hakuna atakayemharakisha. Baada ya chai tutakutana uwanjani, na mazoezi tutayaanzia upande wa kulia.