Kununua Stesheni Wagoni Iliyotumika: Hesabu Kwanza, Macho Baadaye

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama huko Kipsongo, Kitale. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu na hawakuweza kufika.)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Katibu, ndugu na dada wafanya kazi wenzangu,

Halmashauri ya tawi imeniomba niseme juu ya jambo ambalo wanachama wengi wameliuliza. Mfanya kazi mwenye watoto, na mshahara wa kawaida, achague namna gani motokaa iliyotumika, ya aina ile iitwayo stesheni wagoni?

Mimi si fundi wa motokaa. Kazi yangu ni ya reli. Lakini jina hilo ni la kwetu. Huko Marekani, zamani, magari ya aina hii yalikuwa yakingoja abiria stesheni ya reli, yakawachukua wao na masanduku yao hadi nyumbani. Ndiyo sababu yakaitwa hivyo. Basi mtu wa reli akisema juu ya stesheni wagoni hajaingia shamba la jirani.

Neno langu ni moja, na mengine yote yatalifuata. Bei ya gari si ile anayoitaja mwenye kuuza tu. Bei ya kweli ni ile utakayokuwa ukiilipa kila mwezi baada ya yeye kwenda zake.

KWANZA: JE, WAHITAJI GARI GANI?

Reli ilifika Kitale mwaka 1926 kutoka Leseru, lakini jamaa zetu wengi hawakai kando ya reli. Mmoja ana shamba Endebess, mwingine ana wazee Kimilili, mwingine watoto wake wasoma Bungoma. Tukivuna mahindi twataka kuleta gunia nyumbani. Shule zikifunguliwa kuna masanduku na magodoro. Akiugua mtoto usiku, hatutaki kumpakia juu ya pikipiki katika mvua. Kwa kazi hizi stesheni wagoni yafaa kuliko gari dogo la kawaida, maana mlango wa nyuma hufunguka wote, na viti vya nyuma hulazwa.

Lakini kaa chini na mama watoto, au na baba watoto, mwandike katika daftari. Sisi ni watu wangapi? Twasafiri mara ngapi kwa mwezi? Barabara ni ya lami au ya udongo? Mzigo ni kilo ngapi? Ikiwa safari ni 2 tu kwa mwezi, yawezekana kukodi gari la jirani ni nafuu kuliko kununua. Si aibu kusema hivyo. Mali bila daftari huisha bila habari.

PILI: FEDHA

Wengi wetu tutanunua kwa mkopo wa chama cha akiba. Hapa ndipo nawaomba mnisikilize sana.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yasema kwamba jumla ya makato katika mshahara isipite theluthi mbili. Kama mshahara wako ni shilingi 45,000, makato yote pamoja yasizidi 30,000, wewe ubaki na 15,000. Sheria hiyo iliwekwa kumlinda mfanya kazi. Haisemi kwamba ni vizuri kufika mpaka huo. Mtu anayebaki na 15,000, na katika hizo atie petroli, alipe bima, anunue unga na kulipa kodi ya nyumba, huyo gari lake litasimama juu ya mawe kabla ya mwaka kwisha.

Tena, ndugu zangu, mkopo si wako peke yako. Kuna wadhamini. Ukishindwa kulipa, anayekatwa ni yule mwenzako uliyefanya naye zamu ya usiku. Nimekwisha kuona marafiki wa miaka mingi hawasalimiani kwa sababu ya motokaa ambayo mmoja wao hakuipanda hata siku moja. Jambo hili huleta ufa katika chama kuliko maneno ya mwajiri.

Kwa hiyo usitumie fedha zako zote katika kununua. Gari lililotumika lina deni lake ambalo hukuambiwa: tairi, betri, breki, shokabu. Kama una shilingi 10, nunua gari la shilingi 8, na 2 ziweke kando kwa miezi ya kwanza.

Na petroli uipigie hesabu. Bei hutangazwa na EPRA tarehe 14 ya kila mwezi, wala haikuulizi mshahara wako. Tuseme wewe huenda kilomita 600 kwa mwezi. Gari linalokwenda kilomita 15 kwa lita litakunywa lita 40. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litakunywa lita 60. Tofauti ni lita 20 kila mwezi, yaani lita 240 kwa mwaka. Zidisha kwa bei ya kituo chako, nawe utaona kwamba gari la rahisi linaweza kuwa ghali.

TATU: AINA ZA MAGARI

Wazee wetu walipenda Peugeot 404 na 504. Walikuwa na sababu. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, tena 1966, 1967 na 1968, na 504 ikashinda 1975. Stesheni wagoni ya 504 ilikuwa na namna ya safu 3 za viti, na magari hayo yalibeba abiria katika njia zetu za magharibi miaka mingi. Lakini shabaha yangu si sifa zake. Nataka mwone kwa nini yalimfaa mtu wa kawaida: kila mji ulikuwa na fundi aliyeyajua, na sipea zilipatikana. Siku hizi Peugeot hizo ni chache, na fundi anayezijua vema aanza kuwa mzee. Kipimo chao, hata hivyo, tukitumie leo: fundi yuko? Sipea ziko?

Kwa kipimo hicho, magari yanayoonekana sana kwetu ni haya.

Toyota Probox, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2002. Ni gari la kazi, halina mapambo. Ndani ni kama sanduku, kwa hiyo mzigo waingia vizuri. Sipea zake zipo hata katika miji midogo. Kasoro yake ni kwamba kiti cha nyuma cha ile iliyoundwa kwa mizigo ni chembamba na kimesimama wima. Watoto watalalamika kabla hamjafika Webuye.

Toyota Fielder ni ndugu yake aliyevaa nguo za Jumapili. Viti ni vizuri, na ile ya injini ya sentimita 1,500 haili petroli nyingi. Lakini Fielder nyingi za tangu mwaka 2006 zina gia boksi ya namna inayoitwa CVT, nayo hutaka mafuta yake maalum. Akikuambia mtu kwamba mafuta yoyote ya gia boksi yatafaa, usimpe funguo.

Nissan AD na Wingroad hufanya kazi kama hizo, na mara nyingine bei yake huwa chini kidogo. Uliza kwanza fundi wako kama anazifahamu.

Subaru Legacy huvuta kwa magurudumu yote 4. Mtu anayekaa juu katika miteremko ya Mlima Elgon, katika matope ya mwezi wa Mei, ataishukuru. Lakini hunywa zaidi, na injini zake za zamani zina mkanda wa taimingi ambao hubadilishwa karibu kila kilomita 100,000. Ukikatika, injini yaweza kuharibika kabisa. Injini ya Probox na Fielder ya sentimita 1,500 ina mnyororo mahali pa mkanda. Basi, kama njia yako ni ya lami mpaka mlangoni, ya nini kulipia magurudumu 4 yanayovuta?

Jambo moja zaidi. Serikali yetu hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limepita miaka 8. Kwa hiyo gari lenye umri zaidi ya huo lilikuwa hapa nchini tayari, na limekwisha kuonja barabara zetu. Hilo si kosa, lakini ujue wanunua historia yake yote. Uliza nani alikuwa nalo na lilifanya kazi gani.

NNE: KULIANGALIA GARI

Nenda asubuhi, mchana kweupe, wala si wakati wa mvua, maana maji huficha mikwaruzo ya rangi. Nenda na fundi wako mwenyewe, ambaye hamjui mwenye kuuza, umlipe kwa kazi yake. Kuuliza si ujinga.

Gusa boneti. Ikiwa ya moto, uliza kwa nini injini imewashwa kabla hujaja, kwa sababu injini mbovu huficha ubaya wake ikiwa na moto. Ipoe, kisha iwashwe mbele yako, nawe usimame nyuma kuangalia moshi. Moshi wa buluu maana yake injini yachoma oili. Moshi mweusi maana yake petroli yaingia kupita kiasi. Moshi mweupe usiokoma, na maji ya redieta yapungua, hiyo ni dalili ya gasketi ya juu. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha oili: ukikuta rangi ya chai ya maziwa, maji yamechanganyika na oili. Rudi nyumbani.

Angalia tairi. Ikiwa imelika upande mmoja, magurudumu hayakunyooka, au gari limepata kugongwa. Ubavuni mwa tairi pana tarakimu 4: kwa mfano 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Tairi iliyozeeka hupasuka hata kama meno yake ni mazuri.

Kisha inama nyuma ya gari. Stesheni wagoni nyingi zimefanya kazi ya kubeba watu na mizigo kupita kiasi. Kama springi zimeongezwa vyuma, au sehemu ya nyuma imeketi chini bila mzigo, hilo lilikuwa gari la biashara, hata kama mita yasema kilomita 80,000. Mita yaweza kurudishwa nyuma. Kanyagio za breki zilizolika, na usukani uliong'aa kwa mikono, haziwezi kudanganya vile. Inua zulia la sakafuni, utafute kutu. Vuta mikanda ya viti vyote, na ya nyuma pia. Mkanda usiofunga ni mtoto asiye na ulinzi.

Mwisho, liendeshwe mlimani na mteremkoni. Likivutwa breki, lisiende upande.

TANO: HATI

Kabla ya kutoa hata shilingi moja ya kushika, tafuta habari za gari katika ofisi ya NTSA kwa njia ya eCitizen. Utaona jina la mwenyewe, na kama kuna benki au chama kinacholidai. Linganisha nambari ya chesi iliyo kwenye gari na ile ya logibuku, tarakimu kwa tarakimu. Lipa kwa njia inayoacha maandishi, na usikubali maneno ya "logibuku nitakuletea juma lijalo". Dalali akikuharakisha kwa kusema kuna mtu mwingine aja saa kumi, mwambie huyo mtu amkute salama.

SITA: USIMWUE PUNDA

Gari likishapatikana, kuna majaribu mawili.

La kwanza ni mzigo. Probox ya mizigo hupewa huko Japani kipimo cha kilo 400 ikiwa na watu 2, na kilo 250 ikiwa na watu 5. Gunia 4 za kilo 90 ni kilo 360. Basi gunia 4 pamoja na jamaa 5 ni kupita kiasi, nanyi mmeona wenyewe gari la namna hiyo lenye watu 10 na mbuzi juu. Breki zilizoundwa kwa mzigo mmoja haziwezi kusimamisha miwili.

La pili ni kubeba abiria wa kulipa ili gari "lijilipie". Bima ya gari la nyumbani haikufanywa kwa kazi hiyo. Ikitokea ajali, kampuni ya bima yaweza kukataa kulipa, na deni la majeruhi litakuangukia wewe, juu ya lile la mkopo.

Ndugu zangu, sisemi haya kuwakataza. Mfanya kazi ana haki ya kupanda gari lake mwenyewe pamoja na watoto wake. Jasho lake lastahili hivyo. Lakini sisi tuliojifunza reli twajua kwamba treni haiondoki kwa sababu dereva ana hamu. Huondoka kwa ishara, mabehewa yakiwa yamekaguliwa na breki zimejaribiwa. Fanya hivyo na gari lako.

Nina shauri moja kwa tawi. Tuchague wanachama 3, mmoja wao awe fundi, wawe wakimsindikiza mwenzetu anayekwenda kununua. Macho 6 hayadanganywi upesi kama macho 2, na mdhamini atatia sahihi kwa moyo mtulivu zaidi akijua gari limeangaliwa.

Mwenye swali na asimame aulize.