Mche Usioupanda

Mmekwisha jifunza kusoma neno kwa kutazama herufi zake. Leo tusome mmea kwa njia hiyo hiyo.

Katika bustani yako ya mchicha umeota mche usioupanda. Haujatoa ua. Je, ni mboga? Usiuonje! Huenda ni mnanaha. Mnanaha una sumu katika jani, shina, mzizi na mbegu, na kuupika hakuondoi sumu hiyo.

Kwanza, tazama ukingo wa jani. Jani la mchicha halina meno. Jani la mnanaha lililokomaa lina meno makubwa yasiyolingana. Lakini majani yake ya kwanza hayana meno, kwa hiyo alama hii peke yake haitoshi.

Pili, ponda jani kwa kijiti, kisha nusa. Mnanaha hunuka vibaya.

Tatu, linganisha mche huo na mchicha ulioupanda mwenyewe.

Ukiwa bado na shaka, usiutie chunguni. Ung'oe, kisha nawa mikono. Ukiachwa utatoa ua refu kama tarumbeta, jeupe au la zambarau, na baadaye tunda lenye miiba.

Mtu aliyekula mnanaha hukauka kinywa, mboni za macho hupanuka, naye huweweseka. Mpeleke hospitali upesi, na uchukue tawi la mmea huo, ili mganga aone alichokula.

Kabla ya somo lijalo, chuma jani moja la mchicha, ulitazame vizuri. Anayeijua mboga yake hatadanganywa na mgeni. Kwaherini.