Mtoto Asiwekwe Kulinda Viatu

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama wa reli mbele ya mkutano wa tawi, Nyali)



Nimepewa nafasi ndogo, nami nataka kusema juu ya michezo ya shule na watoto wetu wenye ulemavu. Huenda mtu akauliza, jambo hili lahusu chama? Lahusu sana. Wako kati yetu wenye mtoto kama huyo nyumbani, na hawamtaji hata kwa jirani.

Si kwamba hatuna shule. Likoni iko ya wasioona, na Port Reitz iko ya wenye ulemavu wa viungo. Lakini wengine wamo katika shule za kawaida, na huko kipindi cha michezo kifikapo mtoto huambiwa, "Wewe kaa chini ya mwembe, linda viatu vya wenzako." Mwalimu adhani amemhurumia. Mimi naona amemnyima somo kubwa kuliko hesabu. Uwanjani ndipo mtoto ajifunzapo kungoja zamu, kumwita mwenzake kwa jina, kuomba msaada bila haya, kukataa bila matusi, na kushindwa bila kununa.

Tazameni mchezo uitwao goliboli. Ulibuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Kila upande una wachezaji watatu, mpira una kengele ndani, na wote hufunikwa macho, hata yule aonaye kidogo, ili wawe sawa. Mpira hurushwa kwa mkono ukaviringika chini, na wa upande wa pili hujilaza kuuzuia. Watazamaji hunyamaza kabisa. Basi wachezaji wasipoambiana nani yuko wapi, bao limeingia. Hapo mtoto aliyezoea kukaa kimya atasema tu, apende asipende! Nasi wa Nyali, wenye Kengeleni yetu, hatuhitaji kuelezwa sana kazi ya kengele.

Katika kandanda ya viziwi refa hupunga bendera. Sisi wa reli twalijua hilo: kwenye kelele za injini ni bendera na taa ndizo zisemazo.

Na Henry Wanyoike, Mkenya mwenzetu, alipofuka mwaka 1995. Mwaka 2000 huko Sydney alikimbia mita 5,000 pamoja na mwongozaji wake. Karibu na mwisho mwongozaji akaishiwa nguvu, na yule asiyeona ndiye aliyemvuta mwenziwe hadi mstarini, akapata dhahabu. Nani hapo alikuwa mwenye kusaidiwa?

Lakini msidhani yatosha kuwatupia mpira na kwenda zenu. Mwalimu achague jambo moja, tuseme kungoja zamu. Alionyeshe kwa vitendo, watoto walifanye mara nyingi katika kikundi cha wanne au watano, na afanyaye vema asifiwe papo hapo. Mwenye usonji pengine huumizwa na sauti ya filimbi. Basi inueni mkono. Wachanganyeni na wasio na ulemavu, kama wafanyavyo Special Olympics, iliyoanza Chicago mwaka 1968. Ila mtoto mzima asifanywe yaya. Leo yeye ampasie mwenzake, kesho apasiwe. Na nyumbani mzazi aendeleze somo lile lile kwenye foleni ya maji na dukani, la sivyo litabaki uwanjani.

Gharama si kisingizio. Fundi wa viatu aweza kushona njuga ndani ya mpira mkuukuu, na kamba ya katani ikilazwa chini humwonyesha mguu mpaka uko wapi.

Ninaloomba kwa tawi ni saa mbili za Jumamosi, kabla vijana wetu hawajaanza mazoezi yao ya mpira. Nitasimamia mwenyewe nisipokuwa zamu, na nahitaji watu wazima wanne. Mwenye mtoto na ampe Bwana Katibu jina lake leo, kabla hatujatawanyika.