Nani Akae Mezani? Imani, Sheria na Nidhamu ya Usharika



Mada niliyopewa ni wokovu kwa imani pasipo matendo ya sheria. Kila mtoto wa Kipaimara ameikariri, na hapo ndipo penye hatari: tunaijua mno. Mhubiri akiitaja tu, watu wameshaitikia "Amina" kabla hajamaliza sentensi. Hata ugomvi wa makanisa juu ya jambo hili umepoa sana. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, na Wamethodisti wakajiunga nalo mwaka 2006. Kwa hiyo sitatumia muda wenu kuthibitisha kwamba Biblia inafundisha hivyo. Nataka tuulize fundisho hili hupimwa wapi. Jibu langu ni kwamba hupimwa mezani: nani anaruhusiwa kula, nani anaambiwa asubiri, na kwa sharti gani.

Kilichotokea Antiokia

Fungueni Wagalatia sura ya 2, kuanzia mstari wa 11. Petro yuko Antiokia, anakula pamoja na waamini wa Mataifa bila shida yoyote. Wanafika watu kutoka kwa Yakobo, Yerusalemu. Petro anaanza kurudi nyuma na kujitenga. Wayahudi wengine wanamfuata, hata Barnaba, yule yule aliyekwenda Tarso kumtafuta Paulo na kumleta Antiokia. Paulo hakumvuta Petro pembeni. Alimkabili mbele ya wote.

Angalieni vizuri kosa la Petro. Hatuambiwi popote kwamba alisimama akafundisha kuwa tohara inaokoa. Mahubiri yake huenda yalikuwa safi kabisa. Alihama meza, basi. Lakini yule Mmataifa aliyebaki na sahani yake hakuhitaji kuhubiriwa ili aelewe. Alikwisha kuambiwa, bila neno hata moja, kwamba Kristo peke yake hatoshi, kuna cha kuongeza. Ndiyo maana Paulo ana hasira katika barua hii kuliko nyingine zote. Amezoea kuanza kwa kumshukuru Mungu kwa ajili ya kanisa analoliandikia. Wagalatia hawakupewa shukrani hiyo. Baada ya salamu anaingia moja kwa moja kwenye mshangao.

Hapa niseme neno kuhusu Wayahudi, maana mahubiri yetu yamewasingizia kwa muda mrefu. Tumewachora kama watu waliokuwa wakihesabu mema yao ili wamnunue Mungu. Mwaka 1977 mtaalamu E. P. Sanders alionyesha, kwa kusoma maandiko yao wenyewe, kwamba Myahudi wa wakati ule aliamini ameingia katika agano kwa neema, na sheria aliishika kwa kuwa yumo tayari. Tena katika magombo ya Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, imo hati iliyochapishwa rasmi mwaka 1994 inayozungumza juu ya matendo ya sheria, sawasawa na Paulo, na mambo inayoyabishania ni kama usafi na dhabihu. Wapo wanaohitimisha kwamba Paulo alipinga tu alama za mpaka kati ya Wayahudi na Mataifa. Mimi siendi nao hadi huko, kwa sababu katika Warumi anazungumzia dhambi ya watu wote na majivuno ya watu wote. Lakini kilichowasha moto Galatia na Antiokia ulikuwa mpaka: nani yuko ndani, nani yuko nje.

Ibrahimu kabla ya taratibu

Hoja kubwa ya Paulo ni ya tarehe, nami naipenda kwa sababu mtu yeyote anaweza kuihakiki kwa kufungua Mwanzo. Abramu anamwamini Mungu na kuhesabiwa haki katika sura ya 15. Tohara inakuja sura ya 17, akiwa na miaka 99. Katikati kuna habari ya Hajiri, na Ishmaeli, aliyezaliwa Abramu akiwa na miaka 86, anatahiriwa siku moja na baba yake akiwa na miaka 13. Maana yake ni kwamba kwa miaka 13 na zaidi baba wa imani alikuwa mwenye haki mbele za Mungu naye hajatahiriwa. Kwa lugha ya vikao vyetu, alikuwa hajakamilisha taratibu. Torati yenyewe, anasema Paulo, ilikuja miaka 430 baada ya ahadi, na kilichokuja nyuma hakiwezi kuifuta.

Je, huku si kuwapa watu leseni ya dhambi? Swali hilo Paulo aliulizwa akiwa hai. Jibu lake liko Wagalatia 5:6: imani anayoizungumzia ni ile inayofanya kazi kwa upendo. Yakobo naye anaikemea imani inayomtazama mwenye njaa kisha ikamuaga. Sioni ugomvi kati yao. Na Luther, ambaye wengi humtaja kana kwamba aliitupa sheria, alipoandika Katekisimu Ndogo mwaka 1529 aliianza na Amri Kumi.

Jambo linalotusaidia zaidi ni Tito na Timotheo. Tito, Myunani, alipelekwa Yerusalemu na Paulo akakataa katakata atahiriwe. Timotheo, mama yake Myahudi na baba Myunani, Paulo alimtahiri yeye mwenyewe, kwa sababu ya Wayahudi wa pande zile. Ndimi mbili? Hapana. Tito alidaiwa tohara ndipo ahesabiwe ndugu. Timotheo alikuwa ndugu tayari, akaikubali ili asiwe kikwazo kwa wengine. Desturi ileile inaweza kuwa upendo au kongwa, kutegemea inadaiwa kwa ajili ya nini.

Mabenchi yetu

Makanisa ya Afrika yamekwisha kuonja kongwa hilo. Mwaka 1888 maaskofu wa Kianglikana katika mkutano wa Lambeth waliamua kwamba mume wa wake wengi asibatizwe. Fikirieni mzee aliyekuja kwa Kristo na wake watatu na watoto wao: ili abatizwe yeye, ilibidi wawili waondoke, na kosa la hao wawili halikujulikana. Ilichukua miaka 100. Mkutano wa mwaka 1988 ndio ulioruhusu mtu wa namna hiyo abatizwe pamoja na wake zake na watoto wanaoamini, aahidi kutooa tena, wala asilazimishwe kumwacha yeyote kati yao.

Tusiwacheke wa mwaka 1888. Tuangalie Jumapili ya Chakula cha Bwana katika sharika zetu. Watu wanasimama safu kwa safu. Kwenye benchi la katikati mama wa makamo anasogeza magoti pembeni ili wenzake wapite kwenda madhabahuni. Ndiye anayefagia kanisa siku za Jumamosi. Jumuiya inasali kwake. Watoto wake wamebatizwa, wakubwa wamepata Kipaimara. Kilichomweka benchini ni kwamba mume wake hajamaliza mahari, wazazi wa mwanamke hawajaridhia, kwa hiyo ndoa haijabarikiwa. Nani kati yetu hamjui mama huyu? Anazuiwa Meza ya Bwana kwa deni la ng'ombe, na deni lenyewe si lake.

Kuna pia daftari la ahadi za michango. Mtu amefiwa, watu hawajajua hata marehemu aliugua nini, mtunza hazina ameshafungua ukurasa aone kama bahasha za jengo zilikuwa zinarudi. Tutahubiri neema kaburini kwa ulimi gani?

Sisemi nidhamu iondolewe. Paulo huyu huyu, katika 1 Wakorintho 5, aliagiza mtu atengwe, na alikuwa na sababu: mtu anayeishi na mke wa baba yake, na kanisa linajivuna. Anayempiga mkewe, anayedhulumu mirathi ya yatima, akakataa kutubu, azuiwe. Hawa mara nyingi hawazuiwi, hasa wakiwa watoaji wazuri. Umaskini ndio unaotengwa kirahisi.

Ombi langu kwa kila baraza la wazee lililowakilishwa hapa ni hili. Mkirudi, itoeni orodha ya waliozuiwa Chakula cha Bwana, na kando ya kila jina andikeni sababu kwa maneno ya wazi. Jina ambalo sababu yake ni mahari, ahadi au umaskini, lifuteni, na mzee wa mtaa huo aende nyumbani kwa mhusika kumwambia kabla ya Jumapili ya Chakula cha Bwana inayofuata.