Mkono wa Mteja: Mazungumzo Juu ya Maganda ya Mbao ya Maikrofoni za Hamonika

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa na katibu wa chama kimoja cha msingi cha wachongaji mbele ya makatibu wenzake. Tunayachapa kwa manufaa ya wanachama ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nimeombwa nieleze jinsi chama chetu kilivyopokea oda ya kazi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyepata kuiona, jinsi kilivyopata hasara, na jinsi kilivyojirekebisha. Sikuja kujisifu. Nusu ya habari nitakayosimulia ni habari ya kosa langu mwenyewe nikiwa katibu, na naona ni haki wenzangu wafaidike nalo, kwa kuwa sisi tumekwisha kulilipia.

Kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza maganda ya mbao ya maikrofoni za wapigaji wa hamonika. Ili tufuatane vizuri, yafaa nieleze kwanza chombo hicho na mahali kilikotoka.

Hamonika, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la kinanda cha mdomo, ni chombo kidogo kinachoingia mfukoni. Ile ya kawaida ina urefu wa sentimita 10 hivi, matundu 10 na ndimi nyembamba za shaba 20. Kila tundu lina ndimi mbili, mmoja hulia mpigaji apulizapo, na wa pili hulia avutapo pumzi. Katika mji wa Trossingen, Ujerumani, Matthias Hohner alianza kuzitengeneza mwaka 1857, na kutoka huko zilienea duniani kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu.

Huko Marekani chombo hiki kilipendwa sana na wapigaji Weusi wa muziki wa bluzi. Wengi wao walipohama mashamba ya kusini na kwenda Chicago, walikuta kelele za mji na magitaa ya umeme. Hamonika peke yake haikuweza kusikika. Basi wapigaji wakaanza kushika maikrofoni ndogo ya bei rahisi pamoja na hamonika ndani ya viganja viwili, na kuiunganisha na amplifaya. Bingwa aliyesifika kuliko wote kwa upigaji huo ni Little Walter, aliyezaliwa Louisiana mwaka 1930 na kufariki Chicago mwaka 1968. Mwaka 1952 sahani yake iitwayo Juke, ambayo haina maneno ya kuimba bali hamonika tu mbele ya bendi, ilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya muziki wa Weusi wa Marekani.

Maikrofoni walizotumia hazikutengenezwa kwa ajili ya muziki. Zilikuwa za matangazo, na za watu waliokaa ofisini wakiita magari kwa redio. Kampuni ya Shure ya Chicago, kwa mfano, ilitoa mwaka 1949 aina iliyokuja kuitwa Risasi ya Kijani kwa sababu ya rangi na umbo lake. Maikrofoni za namna hiyo zilikuwa na ganda la chuma, na kipimo kimoja kwa watu wote. Mwenye mkono mkubwa aliifunika vyema; mwenye mkono mdogo alihangaika.

Hapo ndipo inapoingia kazi ya fundi wa mbao. Mafundi wachache huko Marekani na Ulaya huchukua kile kidude cha ndani kinachopokea sauti, ambacho leo nitakiita kiini, mara nyingi kikiwa kimetolewa katika maikrofoni kuukuu, wakakitengenezea ganda jipya la mbao kwa kipimo cha mkono wa mpigaji mmoja. Hawatoi maelfu. Kila ganda lina mwenyewe kabla halijakerezwa.

Ndugu zangu, sasa nije kwenye kosa letu.

Mpigaji mmoja wa ng'ambo, aliyepata kununua sanamu za wanachama wetu, alituma picha kwa simu akauliza kama tunaweza kumtengenezea ganda la mpingo. Nilijibu siku ile ile kwamba tunaweza. Akaongeza oda za rafiki zake, yakawa maganda 12, akatanguliza nusu ya fedha. Wanachama walifurahi, nami nilifurahi zaidi. Tulichagua mpingo mweusi usio na doa. Wachongaji wetu, kwa kutaka kumpendeza mgeni, wakazungushia kila ganda nyuso za watu na majani. Kazi ilichukua siku 19. Kwa macho, zilikuwa kazi nzuri kuliko zote zilizopata kutoka katika banda letu.

Baada ya majuma machache tulipata jibu. Mteja aliandika kwa adabu, lakini aliandika wazi. Maganda yalikuwa mazito, na mkono ulichoka kabla ya wimbo wa tatu. Michongo iliacha nafasi kati ya mbao na kiganja, pumzi ikavuja. Kiini hakikukaa barabara katika tundu lake. Na maganda mawili yalikuwa yamepasuka. Tulirudisha fedha. Wanachama waliofanya kazi siku zote hizo hawakupata malipo, na katika mkutano uliofuata walikuwa na haki ya kuuliza maswali.

Mzee mmoja, mchongaji wa miaka mingi, aliniuliza swali moja tu: "Katibu, huyo mteja mkono wake ulikuwaje?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeandika jina lake, anwani yake na fedha yake, lakini mkono wake, ambao ndio tuliokuwa tukiufanyia kazi, sikuuandika popote.

Tangu siku hiyo tulianza kujifunza upya. Tuliyojifunza nitayapanga katika mafungu manne.

La kwanza ni kujua kitu kinafanyaje kazi kabla ya kukipamba. Mpigaji anapoziba hamonika na maikrofoni ndani ya viganja, hewa kidogo iliyofungwa humo husukuma kiini kwa nguvu. Sauti nene huzidi, sauti kali hupungua, na amplifaya ya valvu ikizidiwa hutoa ule mkwaruzo wanaoupenda wapigaji wa bluzi. Akifungua kiganja kidogo, sauti hubadilika kama mtu anayefumbua mdomo. Kwa hiyo mlango wowote wa hewa usiotakiwa ni hasara. Ganda lazima liwe laini mahali panapogusa kiganja, na kiini lazima kikazwe ndani ya ukanda wa mpira ili pumzi isipite pembeni yake. Sisi tulitumia mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa kwa uangalifu, nao ulifaa. Waya na soketi alizilehemu fundi wa redio, si mchongaji. Kila kazi na mwenyewe.

La pili ni kuchagua mbao kwa matumizi, si kwa sifa. Mpingo ni fahari yetu. Ndio unaotumika kutengenezea klarineti na oboi duniani. Lakini mpingo ni mzito hata huzama majini. Ganda linalotumia sentimita 100 za ujazo wa mbao litakuwa na uzito wa gramu 120 hivi likiwa la mpingo, na kama nusu yake likiwa la mninga. Kwa mtu anayeinua mikono saa mbili mfululizo, tofauti hiyo si ndogo. Tena mpingo hukauka polepole sana. Wetu ulikuwa mbichi ndani, na nyumba za ng'ambo wakati wa baridi hupashwa moto hata hewa ikawa kavu kabisa. Ndiyo maana maganda yalipasuka. Sasa tunakereza kwanza kwa unene wa ziada, tunapaka nta kwenye ncha za mbao, na tunaacha zikauke muda mrefu kivulini kabla ya kumaliza. Kwa ganda lenyewe tunatumia mninga, ambao hautanuki wala hausinyai sana. Mpingo tunauweka kama pete nyembamba mdomoni. Nawakumbusha pia kwamba vumbi la mpingo huwasha ngozi, macho na kifua. Mwanachama asikereze bila kufunika pua.

La tatu ni karatasi. Tangu tarehe 2 Januari 2017 mpingo, pamoja na ndugu zake wa jamii ya Dalbergia, umo katika orodha ya mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe na mimea iliyo hatarini. Mwaka 2019 masharti yalilegezwa kwa ala za muziki zilizokamilika na kwa vifurushi vidogo vya vitu vilivyokamilika, lakini magogo na mbao zinahitaji kibali. Kwa uamuzi wa mwaka 2022, miti ya jamii ya mninga ya Afrika nayo iliingizwa. Katibu asikisie. Aende ofisi ya misitu aulize kabla ya kufunga kifurushi. Na tununue mbao zenye asili inayojulikana. Vijiji vya Kilwa, mkoani Lindi, vilionyesha njia mwaka 2009 vilipopata cheti cha kimataifa cha FSC kwa misitu inayosimamiwa na wanavijiji wenyewe. Mti uliokatwa kihalali humletea mchongaji usingizi mzuri.

La nne, Ndugu zangu, ndilo lililotugawa zaidi, na ndilo ninalotaka mrudi nalo nyumbani. Oda ya pili ilipokuja, baadhi ya wanachama walitaka tuandike kwenye kila kisanduku kwamba mbao zetu huipa hamonika sauti tamu kuliko chuma. Walisema wauzaji wengine husema hivyo, na bei hupanda. Tukaamua kujaribu. Kiini kilekile tulikitia katika ganda la mninga, kisha katika ganda la mpingo la kipimo kilekile, vyote vikiwa vimezibwa sawasawa. Kijana mmoja anayejua kupiga akapiga nyuma ya pazia. Tulisikiliza mara nyingi, wala hakuna aliyeweza kusema kwa hakika lipi ni lipi. Tulipolegeza ukanda wa mpira, wote tuliijua tofauti mara moja.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Katika marimba, ubao wenyewe ndio unaolia. Katika maikrofoni, ganda halilii. Kazi yake ni kushika kiini, kuziba hewa na kukaa vema mkononi. Basi tungeandika nini? Mkutano ulibishana hadi jioni. Mwishowe tukakubaliana kuandika ukweli: kwamba ganda hili limetengenezwa kwa kipimo cha mkono wako, ni jepesi, limezibwa vizuri, na likilegea tutalitengeneza. Hatukutaja utamu wa mbao.

Wapo waliosema tumejinyima fedha. Mimi nasema tumejiwekea akiba. Wapigaji hawa ni wachache na wanajuana. Atakayegundua kwamba tulimdanganya atawaambia wenzake kumi, na chama hakina fedha ya kununua jina jipya. Njia ya mwongo ni fupi.

Kwa oda hiyo ya pili hatukuanza na mbao. Tulimwomba kila mteja afinyange udongo laini kuzunguka kiini chake, aushike pamoja na hamonika kama anavyopiga, kisha aache ukauke na atutumie pamoja na kiini chenyewe. Alama za vidole vyake zilitufikia zikiwa wazi. Tulipima kwa kalipa, tukatengeneza mfano mmoja wa mbao rahisi, tukaupeleka ujaribiwe, na ndipo tukakereza. Maganda yalikuwa 6. Matano yalikubaliwa mara moja. Moja lilirudi kwa kuwa shingo yake ilikuwa nene, tukalipunguza kwa msasa bila malipo. Wanachama walilipwa wote.

Kila oda sasa ina kadi yake: jina la mteja, mchoro wa mkono, vipimo vya kiini, aina ya mbao na mahali ilikonunuliwa, tarehe ilipoanza kukaushwa, jina la mchongaji, na fedha iliyotangulizwa. Mali bila daftari huisha bila habari, nanyi makatibu mnalijua hilo kuliko mimi. Ninaongeza tu kwamba daftari la fedha peke yake halikutosha kutuokoa. Lilionyesha hasara baada ya kutokea. Kadi ya kazi ndiyo inayoizuia.

Sisemi kwamba vyama vyote vianze kuchonga maganda ya maikrofoni. Soko lake ni dogo na sisi wenyewe tunalihudumia kwa sehemu ndogo tu ya kazi zetu. Lakini kila chama hapa kina mteja ambaye kinamtengenezea kitu, awe mnunuzi wa mikeka, wa viti au wa mizinga. Naomba kila katibu, arudipo chamani kwake, ajiulize swali la yule mzee kabla ya kupokea oda nyingine: mkono wa mteja ukoje, nao umeandikwa wapi?

Niko tayari kujibu maswali, na nimekuja na ganda moja lililopasuka ili kila mmoja alishike.